Barua za Rejista za Bi Malaterre

Katika mji wa Remonval, mahali mto Meuse unapojikunja kama nyoka aliyeshiba chini ya mapaa meusi ya mawe, muuza mkate ndiye pekee aliyejua hakika kwamba Edwige Malaterre anaishi peke yake. Hakuambiwa na mtu. Kila asubuhi, saa moja kasoro, alimwona akiingia amefunga koti mpaka shingoni, na kila asubuhi aliukata mkate mrefu katikati akamfungia nusu bila kuuliza. Mwenye watu nyumbani hanunui nusu.

Bi Malaterre alikuwa na miaka hamsini na tisa, mtumishi wa serikali tangu ujana wake, na kazi yake ilikuwa kupambana na umaskini. Ndivyo kilivyosema kibao cha mlango wake, ghorofa ya pili ya ofisi ya mkoa. Wenzake walikuwa na utani wao wa zamani, kwamba katika mechi hiyo umaskini unaongoza kwa mabao mengi na refa ameshatazama saa. Aliucheka kila mara, maana asiyecheka utani wa ofisini huonekana ana majivuno, kisha akarudi kwenye majalada yake.

Alizaliwa kusini, katika mji wa makaa ya mawe, mtoto wa mama aliyekuwa akipiga deki shule ile ile aliyosomea bintiye. Akiwa na miaka ishirini na mbili alifaulu mtihani wa serikali, akapewa dawati, muhuri na kituo cha kazi mbali na kwao. Tangu hapo alihamia miji tisa. Serikali ya kule ina desturi ya kumng'oa mtumishi kabla hajaota mizizi. Inaamini kwamba anayekaa sana mahali huanza kuwapendelea watu wa mahali. Kwa hiyo kila alipofika pale pa kujua ni nani humfungulia mgeni na nani hujificha nyuma ya pazia, barua ya uhamisho iliwasili. Alifunga masanduku, akaacha ufunguo kwa mwenye nyumba, akapanda treni.

Katika mji wa tatu alichumbiwa na mwalimu wa jiografia aliyeitwa Gaspard Roumieu, mwanamume mpole mwenye soksi zisizolingana. Wizara yake ikampeleka Gaspard kaskazini, na ya Edwige ikampeleka yeye pwani ya magharibi. Wakaomba kusogezwa karibu. Maombi hayo yalihitaji pointi, na pointi walipewa waliooana, na wao walikuwa wakingoja kwanza wasogezwe ndipo waoane. Walipokuja kugundua kwamba wanazunguka mti mmoja, Gaspard alikuwa ameshaanza kuandika mara moja kwa mwezi, kisha mwaka mpya hadi mwaka mpya. Edwige hakulia sana. Alisema tu kwamba kanuni ile iliandikwa vibaya. Miaka kumi baadaye, alipopata nafasi Paris kwenye kamati ya mambo hayo, aliiandika upya mwenyewe. Wachumba waliofaidika nayo hawakulijua jina lake, na yeye hakuyajua yao.

Hivyo ndivyo maisha yake yalivyokwenda: mema aliyoyafanya yalifika mbali, na yakifika hayakurudi kumsalimu. Fomu ya kuomba msaada iliyokuwa na kurasa kumi na nne aliipunguza ikawa nne. Na ni yeye aliyepigania kifungu kinachosema kwamba nyumba ya mtu mnyonge isibomolewe kabla mwenyewe hajaitwa mbele ya kamati akasikilizwa. Kwa kifungu hicho alipigana miaka mitatu, na kilipopita alijinunulia keki ndogo akaila akiwa amesimama jikoni.

Kifungu hicho hicho ndicho kilichomkuta Remonval, uhamisho wake wa mwisho kabla ya kustaafu.

Nje ya mji, kando ya kiwanda cha kuyeyusha na kusubu chuma kilichofungwa zamani, palikuwa na safu ya nyumba za matofali zilizojengewa wafanyakazi. Watu walipaita Kiwandani. Kuta zilikuwa zikitoa jasho, mabomba yakiganda kila Januari, na kaya kumi na mbili zilikuwa bado zinaishi humo. Mkoa uliamua kubomoa, na hapo hapakuwa na ubishi. Hata wakazi walijua kwamba nyumba zile zinaua mapafu. Ubishi ulikuwa: waende wapi. Mpango uliokuwa mezani uliwatawanya katika miji minne tofauti, kila kaya na nyumba yake kulingana na idadi ya vichwa na vyumba. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Kilichobaki ni kuwaita wenyewe wasikilizwe, kama sheria inavyotaka, na kamati ingepiga kura.

Bi Malaterre aliushuku mpango ule, lakini shaka ya mtumishi haiandikwi kwenye muhtasari. Alitaka sauti zao. Akakaa siku mbili akaandika barua kumi na mbili, kila moja kwa maneno yake, akimtaja kila mtu kwa jina. Halafu akazituma kwa rejista, ile barua ambayo mpeleka barua haitumbukizi kisandukuni bali hupiga kengele ya mlango, na mpokeaji hutia sahihi. Asipokuwepo huachiwa kikaratasi aifuate posta. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya juu kabisa. Mawaziri huandikiana hivyo.

Asubuhi ya kikao alifika mapema kuliko wote. Katika ukumbi wa ofisi ya mkoa, chini ya vioo vyenye fremu za dhahabu, alipanga viti kumi na viwili vya ziada. Alileta maji ya matunda na mkate mtamu wa sukari aliouagiza kwa muuza mkate wake, ambaye kwa mara ya kwanza alimuuliza, "Mzima?" naye akajibu kwa fahari kidogo, "Miwili, mizima."

Saa tatu ikafika. Ikawa saa tatu na nusu. Wajumbe wakapekua karatasi walizokwisha kuzisoma. Katibu tawala wa mkoa, Bwana Tanguy Lescarret, kijana wa miaka thelathini na sita mwenye adabu ya waliosoma shule kubwa, alikohoa akamwambia karani aandike: wakazi walialikwa, hawakuja. Sheria imetimia. Bi Malaterre akakumbusha kwamba kanuni inaruhusu kikao cha pili kabla ya mwisho wa mwezi. Bwana Lescarret akakubali kwa upole wa mtu anayemkubalia mgonjwa, kisha wajumbe wakala mkate wa sukari wakausifu, wakaondoka. Mhudumu wa ukumbi alikuwa likizo. Edwige akavirudisha viti mwenyewe, kimoja kimoja.

Siku kadhaa baadaye barua zilirudi zote kumi na mbili, zimefungwa kwa mpira mmoja, kila moja imegongwa muhuri kwamba haikuchukuliwa. Akaziweka mezani. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kwamba watu hawa hawajali mambo yao wenyewe. Alilisikia vizuri wazo hilo, maana kwa miaka thelathini na sita amekuwa akiwasikia wenzake wakilisema kwenye korido, naye akiwakatalia. Sasa lilikuwa limekaa kichwani mwake kama lina haki. Jumamosi akavaa viatu vya kutembelea, akaenda Kiwandani kwa miguu.

Alibisha mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, pazia likatikisika. Wa tano, mbwa akabweka mara moja akanyamazishwa. Wa saba ulifunguka kiasi cha mkono kupita, na kikongwe mmoja mwenye aproni na nywele fupi za mvi akamtazama kuanzia viatuni. Huyo ndiye Huguette Pocheron, na harufu ya viazi vinavyopikwa polepole kwenye chungu cha chuma ilimtangulia kutoka nje.

"Unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama. Natoka ofisi ya mkoa."

"Basi unachukua. Wa ofisi ya mkoa hawauzi, wanachukua."

Dirisha la jirani likafunguka, na mwanamume mwenye kidole kimoja pungufu akachungulia. Alikuwa Norbert Dehaye, aliyesubu chuma miaka ishirini. "Mwulize kama ameleta jua, Huguette. Letu liliisha tangu Oktoba."

Bi Malaterre akaeleza, akiwa amesimama pale pale kizingitini, kwamba aliwaandikia barua, kwamba aliwaalika kwa heshima, na kwamba hakuna aliyekwenda kuichukua ya kwake. Huguette alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama ni ile ya kengele. Ilikuwa ile ya kengele.

"Sikia, dada," Huguette akasema. "Anayetutakia mema hupita akagonga. Ile ya kengele, kwangu imeleta dalali wa mahakama mara mbili. Kwa Norbert ilileta wakata umeme. Kwa Fernande, pale mwisho, ilileta watu wa kumchukua mtoto. Hapa kengele hiyo ikilia hata mbwa wanajua kunyamaza. Kikaratasi chake tunawashia jiko. Kinawaka vizuri."

"Nilidhani ni heshima," Bi Malaterre akasema.

"Nyinyi kule mkitaka kumwambia mtu njoo tule, mnamtumia polisi?"

Norbert akacheka dirishani mpaka akakohoa. Edwige hakucheka. Kuna kitu kilikuwa kimemrudia, na kilirudi na baridi yake: sakafu ya vigae, shavu lake limelala juu ya vigae hivyo, chini ya meza, yeye na dada yake, na mama ameweka kidole mdomoni mwake ili wanyamaze. Kupitia upenyo wa chini ya mlango aliviona viatu vya mpeleka barua, vyeusi, vimeng'arishwa, vimesimama. Kengele ililia mara tatu. Halafu viatu vikageuka, na mama akabaki amekaa sakafuni muda mrefu, aproni mkononi. Edwige alikuwa na miaka sita. Hakuna aliyemfundisha kusahau jambo hilo. Alilisahau mwenyewe, mwaka hadi mwaka, kila alipotia sahihi barua moja zaidi.

Hakumwambia Huguette. Alisema tu, "Nimekosea. Mngependa tuitane vipi?"

Huguette akautazama tena uso ule, safari hii hakuanzia viatuni. "Waje hapa," akasema. "Kama ni kubomolewa, watubomoe wakiwa wanatutazama."

Jumatatu Bwana Lescarret alikataa. Kamati hukaa makao makuu, alisema, imekaa hapo tangu wafalme walipoondolewa. Bi Malaterre akajibu kwamba kifungu kinasema mahali panapofaa, na kwamba analijua vizuri neno hilo kwa kuwa ndiye aliyeliweka. Katibu tawala akavua miwani.

"Bi Malaterre, umebakiza miezi saba ustaafu. Unatafuta nini huko?"

"Natafuta wasikilizwe, Bwana Katibu. Nikishindwa, wataandikwa kwamba hawakutaka."

Katibu tawala akasukuma karatasi mezani kuelekea kwa Bi Malaterre. Kama anataka, atie sahihi yeye, na lawama ziwe zake. Akatia.

Kikao cha pili kilifanyika katika gereji ya Norbert, ambako gari lilikuwa limetolewa nje ili watu wapate nafasi. Viti vilitoka kwenye majiko kumi na mawili, hakuna kinachofanana na mwenzake. Wajumbe walikaa na makoti yao mwilini, pumzi zikitoka kama moshi. Wakazi wote walikuja, na walikaa nyuma kabisa, kama watu waliokuja msibani kwa mtu wasiyemjua sana. Mjumbe wa halmashauri akasoma mpango: mji gani, vyumba vingapi, tarehe ipi. Akauliza kama kuna aliye na neno. Watu wakatazama sakafu. Bi Malaterre alikuwa amesimama karibu na mlango, na mikono yake, iliyozoea kushika kalamu katika vikao, haikuwa na pa kwenda. Aliogopa. Kama kimya kile kingedumu dakika moja zaidi, karani angeandika kwamba hawakuwa na la kusema, na kifungu chake chenyewe kingekuwa ndicho kamba ya kuwafungia.

Huguette akainuka.

"Mimi sijasoma, kwa hiyo nitauliza tu," akasema. "Hapa lipo gari moja. La Norbert. Halina kiti cha nyuma upande mmoja, lakini linawaka. Linampeleka Fernande hospitali kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Mashine ya kufulia inayozunguka ni moja, iko kwangu, kila kaya ina siku yake. Anayeweza kusoma barua zenu mpaka chini ni mmoja, Josette, yule mwenye skafu. Sasa mnatutuma miji minne. Haya, nielezeni. Gari linakwenda mji gani? Mashine iende wapi? Na Josette mtamkata vipande vingapi?"

Mjumbe wa halmashauri akalitazama jedwali lake. Lilikuwa na safu ya vichwa, safu ya vyumba, safu ya umri. Bwana Lescarret, kwa sauti yake ya adabu, akauliza kama usafiri ungetolewa katika makazi mapya jambo hilo lingetatuliwa.

"Bwana mkubwa," Norbert akasema, "usafiri tunao. Tutakachokosa ni watu wa kupakia."

Mmoja akacheka, wa pili akafuata, na baada ya hapo haikuwezekana kuwanyamazisha. Kila mtu alikuwa na lake: nani humlinda usiku mtoto wa nani mama akiwa zamu, nani ana ufunguo wa nani, nani alimkuta nani ameanguka bafuni. Karani aliandika mpaka mkono ukafa ganzi. Ilipofika jioni kamati iliahirisha kura, na hapakuwa na kumbukumbu ya kamati ile kuahirisha kura. Nje, akifungua mlango wa gari lake, Bwana Lescarret alimwambia Bi Malaterre kwa sauti ya chini kwamba jedwali lao halina safu ya mambo kama yale.

"Tutaichora," Edwige akasema.

Nyuma yake wakazi walikuwa wamesimama kikundi, wakirudia nani alisema nini na uso wa fulani ulivyokuwa, wakimwigiza mjumbe wa halmashauri. Norbert alikuwa ameshampa mgeni wao jina: Bi Rejista. Alilisikia likitajwa na kicheko kikifuata, na hakikuwa kicheko kibaya. Hakuna aliyegeuka. Alingoja kidogo, kama mtu anayetafuta glavu mfukoni, kisha akashika njia ya mjini.

Kuchora safu kulichukua miezi sita. Aliwapigia simu wenye majengo wote wa wilaya, akaandika, akaandikiwa kwamba haiwezekani, akaandika tena. Jioni alirudi kwenye chumba chake chenye dirisha la mtoni, akala nusu mkate na jibini, akapiga simu kwa dada yake kusini. Mara nyingi dada yake alikuwa na wajukuu na kelele, wakaahidiana kuzungumza siku nyingine. Mwezi wa Agosti likapatikana jengo la ghorofa nne mlimani, upande wa mji wenye miti mingi, ambalo upande wake mmoja, wenye mlango na ngazi zake, ulikuwa umebaki mtupu baada ya ukarabati. Ngazi moja, nyumba kumi na mbili. Kamati ikapiga kura. Waliokubali wote, aliyekataa hakuna, na Bwana Lescarret alitia sahihi bila kuvua miwani.

Ijumaa ya mwisho ya Septemba wakamuaga. Wenzake walichanga wakamnunulia sanduku la safari lenye magurudumu. Katibu tawala alitoa hotuba nzuri, akasema Bi Malaterre ametumikia miji saba. Hakumsahihisha.

Jumamosi Kiwandani walihama. Alikwenda, ingawa hakuwa tena na kazi ya kumpeleka. Alisimama ng'ambo ya barabara mbele ya jengo jipya, akitazama gari la Norbert likipanda mlima na mashine ya kufulia imefungwa kwa kamba juu yake, na watu kumi wakilisindikiza kwa miguu wakitoa amri zinazopingana. Huguette alimwona.

"Wewe, usisimame hapo kama nguzo ya taa. Shika huku."

Huku ilikuwa mguu wa kabati, na kabati lilikuwa la mninga au la jiwe, hakuweza kutambua. Walilipandisha wanne mpaka ghorofa ya tatu. Vidole vyake vilibanwa kwenye kona ya kila ngazi, mtu akampigia kelele ainue, akainua. Mtu mwingine akamwambia vizuri, hivyo hivyo, mama, na kwa urefu wa ngazi tatu alikuwa mmoja wao, mwenye jasho kama lao. Lilipoingia ndani, ubishi ukaanza juu ya ukuta wa kuliegemeza. Josette alitaka dirishani, Huguette akasema jua litalipasua, Norbert akasema jua gani. Edwige alisimama katikati ya chumba akifuta mikono. Alitaka kusema kitu juu ya kabati, hata neno moja tu, lakini hakujua kabla ya hapo lilikaa wapi, wala lilikuwa na nini ndani. Baada ya muda akatoka.

Kwenye ngazi, akishuka, alikutana na mwanamume mnene aliyebeba godoro kichwani, shemeji ya mtu kutoka ng'ambo ya mpaka, Ubelgiji, aliyekuja kusaidia siku hiyo moja. Hakuweza kuona zaidi ya viatu vyake.

"Wa ghorofa ya ngapi wewe?" akauliza chini ya godoro.

"Mimi si wa hapa," Edwige akasema. "Napita tu."

"Basi nipishe, mama."

Akajibana ukutani, tumbo ndani, mikono imenyooka ubavuni, na godoro likapita likimkwaruza uso, likinuka sabuni na moshi wa kuni. Sauti za juu zikalipokea. Akangoja mpaka mlango ukafungwa, kisha akaendelea kushuka.